Dagaa kwa mbwa, mgebuka kwa paka: kulea wawili waliozeeka nyumba moja Kigoma

Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji zenye mbwa zina paka pia, na wote wawili hula kutoka sufuria moja: ugali uliobaki, mchuzi wa dagaa, vichwa vya samaki. Wakiwa vijana mpango huo hauonyeshi kasoro, maana mbwa hujiongezea jalalani na paka hujiongezea panya. Wakizeeka, mbwa haendi mbali na paka hakamati kitu. Unachoweka kwenye bakuli ndicho chote wanachopata, na hapo ndipo mwenye nyumba analazimika kuchagua: nini kibaki cha pamoja, nini kitengwe.

Mbwa wa kienyeji wa kilo 12 hadi 20 mhesabu mzee kuanzia miaka 8 au 9. Mbwa wakubwa wa mbegu za kigeni huwahi, miaka 6 au 7 tu. Paka huchelewa: wengi huingia uzeeni wakiwa na miaka 10 au 11, na huuficha uzee huo vizuri mno.

Sufuria: dagaa au samaki mbichi?

Kwa mbwa, dagaa wakavu wanatosha, na kwa bei hakuna cha kuwashinda. Kinachomharibu mbwa mzee wa Kigoma mara nyingi si dagaa bali ugali wa muhogo. Unga wa muhogo hushibisha, lakini protini yake haifiki hata gramu 3 katika gramu 100, wakati dona ina karibu gramu 8 au 9. Mbwa anayelishwa muhogo na mchuzi tu huanza kuisha misuli ya mapaja na ya mgongo, uti ukachomoza, na watu wakasema "ni uzee". Uzee upo, lakini njaa ya protini ipo zaidi. Mpikie dona.

Mbwa wa kilo 15 asiye na kazi nyingi anahitaji takriban kilokalori 650 kwa siku. Kipimo kinachokaribia hapo: unga wa dona gramu 90 (kabla ya kupikwa), nyama ya samaki isiyo na miiba gramu 200, yai moja lililochemshwa, mchicha au boga kiganja kimoja, na mawese kijiko kimoja cha chai. Ongeza unga wa ganda la yai nusu kijiko cha chai kwa ajili ya kalisi. Ukitumia dagaa wakavu gramu 60 hadi 70 badala ya samaki, ganda la yai liache, kwa sababu miiba ya dagaa imeshaleta kalisi ya kutosha. Gawa milo miwili.

Mawese yana jambo la kuangaliwa. Wekundu wake ni malighafi ya vitamini A, na mwili wa mbwa huigeuza kuwa vitamini kamili. Mwili wa paka hauwezi. Paka lazima aipate vitamini A ikiwa imeshakamilika, yaani kutoka kwenye ini, yai au samaki. Kwa hiyo kumtilia paka mawese "yampe nguvu" ni kumpa mafuta matupu. Na kwa mbwa pia usizidishe kijiko hicho: mafuta mengi kwa mpigo huweza kuliwasha kongosho, mbwa akatapika na kukunja mgongo kwa maumivu.

Sasa paka. Paka huhitaji taurini katika chakula chake kila siku, wakati mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini. Akiikosa kwa miezi, misuli ya moyo hulegea na macho hufa taratibu kutoka nyuma. Taurini iko kwenye nyama na samaki, na huyeyuka majini, jambo ambalo kwa dagaa linaleta mgongano. Dagaa wengi huanikwa mchangani, wengine hutiwa chumvi. Ili wafae kwa mnyama mzee inabidi uwatoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya moto mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, uwaloweke nusu saa, umwage maji, kisha uwachemshe dakika 10 katika maji mapya. Umeondoa chumvi na mchanga, sawa, lakini sehemu ya taurini nayo imekwenda na maji uliyomwaga. Mbwa hapotezi kitu. Paka anapoteza kile hasa alichokuwa akihitaji.

Ndiyo maana kwa paka mzee tunapendelea mgebuka mbichi, au samaki mwingine yeyote mwenye nyama, achemshwe kwa maji kidogo dakika 10 hadi 15, miiba itolewe, na supu yake anywe yote. Paka wa kilo 3.5 anahitaji kama kilokalori 200: nyama ya samaki gramu 130 hadi 150, nusu yai, na supu. Ugali usizidi kijiko kimoja cha mezani, akiukataa, usimlazimishe. Paka ambaye figo zake ni nzima mpe na dagaa watano waliooshwa pamoja na miiba yao, waliopondwa, wampatie kalisi.

Samaki asiliwe bila kupikwa. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto ndio hukiua. Paka aliyekosa B1 huinamisha kichwa kifuani, huyumba na hatimaye hutetemeka. Dagaa walionuka mafuta ya zamani nao usiwape paka kwa kisingizio kwamba binadamu hawali tena: mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E, na mafuta ya mwili wa paka yakavimba, akawa hataki hata kuguswa tumbo.

Ini mpe paka gramu 15 mara mbili kwa wiki. Paka anayelishwa ini kila siku hujaza vitamini A mpaka mifupa ya shingo inagandana, na mwenye nyumba hudhani ni baridi yabisi. Mchuzi wenye vitunguu, maji au saumu, usimpe yeyote kati yao. Huvunja chembe nyekundu za damu, na paka huumia kwa kiasi kidogo kuliko mbwa.

Shida ya mgebuka ni kwamba haupo kila siku. Siku za mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti samaki, na mialo ya Kibirizi na Katonga hupungukiwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mbwa atakula chochote siku hizo. Paka mzee aliyezoea samaki tu atagoma, na mgomo wa paka si utani. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulifunga. Mbwa anaweza kuruka siku mbili akabaki salama.

Kwa hiyo mzoeshe paka chakula cha pili mapema, wakati samaki bado wapo. Moyo wa ng'ombe ndio unaofaa zaidi: una taurini nyingi na buchani hauna ushindani mkubwa kama nyama laini. Katakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, chemsha kidogo, changanya robo kwa robo tatu za samaki, na uongeze sehemu yake polepole kwa siku 7 hadi 10. Pasha chakula kiwe vuguvugu. Paka mzee hula kwa pua, na pua iliyochoka haisikii harufu ya chakula kilichopoa.

Maji na figo

Hapa paka ndiye wa kuhofiwa. Ugonjwa wa figo ni wa kawaida sana kwa paka wazee, na huonekana pale ambapo sehemu kubwa ya figo imeshakufa. Dalili ya kwanza ni maji: anakunywa kuliko zamani, na mabonge ya mchanga uliolowa kwenye beseni lake yanakuwa makubwa. Mbwa mzee anayekunywa sana ana orodha ndefu zaidi ya sababu: figo, kisukari, tezi zilizo juu ya figo, na kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, usaha tumboni.

Usikisie, pima. Asubuhi weka maji kwa chupa ya nusu lita inayojulikana ujazo wake, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Weka na bakuli la pili linalofanana mahali mnyama hafiki, uone jua limekausha kiasi gani, kisha utoe. Agosti na Septemba tofauti hiyo si ndogo. Mbwa akipita mililita 100 kwa kila kilo (lita moja na nusu kwa mbwa wa kilo 15), kuna ugonjwa. Kwa paka mpaka ni mililita 50 kwa kilo, yaani mililita 175 kwa paka wa kilo 3.5. Paka anayekula samaki na supu hunywa kidogo mno, hivyo hata mililita 120 kwake ni habari.

Karatasi za kupima mkojo zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu zinasaidia kuona sukari na protini kwa wote wawili. Mraba wa chembe nyeupe na ule wa uzito wa mkojo usiziamini kwa paka. Hutoa majibu ya uongo.

Figo zikishathibitika kuchoka, mpangilio wa sufuria hubadilika. Miiba, mifupa na dagaa wazima hutoka kabisa kwa sababu ya fosforasi, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa. Hubaki nyama ya samaki au kuku isiyo na mfupa, ute wa yai, wali kidogo, na mafuta ya kuku kumpa nguvu. Lakini paka mzee ambaye figo zake ni nzima usimpunguzie nyama kwa kuogopa. Utamkondesha bure.

Usimnyime maji mnyama anayekojoa sana, mbwa wala paka. Watu hufanya hivyo ili sebule isilowe, na mnyama hukauka kwa siku moja.

Maumivu ya viungo: hapa ndipo wengi huua paka

Mbwa mwenye viungo vibovu hujitangaza. Anachelewa kuinuka asubuhi, anachechemea hatua za kwanza, anagoma kupanda mteremko wa kurudi nyumbani. Kigoma ni mji wa vilima, na kushuka humuumiza mbwa mzee kuliko kupanda, kwa kuwa uzito wote huangukia mabega na viwiko. Badala ya safari moja ya dakika 40 mpaka ufukweni, mtembeze tambarare dakika 10 hadi 15, mara mbili.

Paka hachechemei. Anaacha kuruka dirishani. Manyoya ya kiunoni yanashikamana kwa sababu hawezi kujipinda ajirambe. Kucha zinakuwa nene na kujikunja mpaka zinachoma nyama ya wayo. Zikague kila wiki mbili au tatu. Anaanza kukojoa kando ya beseni, mtoto anampiga, kumbe ukingo ni mrefu. Kata upande mmoja wa beseni ubaki sentimita 5 hadi 7, jaza mchanga safi wa ziwani, liweke mahali asipolazimika kupanda ngazi. Kwa wote wawili saruji tupu ni adui: gunia juu ya sponji la sentimita 8 linatosha, mradi liwe mahali pakavu.

Dawa sasa. Vidonge vya duka la dawa muhimu vinavyopatikana kila mtaa ni parasetamoli, diklofenaki na ibuprofeni.

Parasetamoli kwa paka ni sumu, na hakuna kipimo salama cha kujaribia nyumbani. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo 3.5, kwa sababu ini lake halina njia ya kuiondoa. Fizi hugeuka rangi ya udongo au bluu, uso na miguu huvimba, pumzi inakata. Mbwa huivumilia kidogo zaidi, lakini kwa kipimo cha daktari wa mifugo tu. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumike kwa yeyote: huchimba vidonda tumboni na kuzima figo, na mbwa hutapika kitu kama majani ya kahawa, ambacho ni damu.

Meloksikamu ndiyo inayotumika kwa wote wawili, na tofauti ya vipimo inatisha. Mbwa hupewa miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa siku. Paka kwa matumizi ya siku nyingi hupewa 0.05 kwa kilo. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 kwa mbwa wa kilo 15 ni karibu moja ya tano. Kwa paka wa kilo 3.5 ni moja ya arobaini na kitu, na hakuna wembe wa kukata hivyo. Kwa paka tafuta ya maji yenye bomba lake la kupimia au usitumie kabisa. Isitolewe kwa mnyama anayetapika, aliyekauka, mwenye figo mbovu, au aliyechomwa deksamethasoni (steroidi ya kutuliza uvimbe) siku hizo. Sindano hiyo hutolewa ovyo, kwa hiyo uliza alichomwa nini kabla ya kupokea kidonge.

Kupe na viroboto

Mbwa mzee anaweza kuogeshwa kwa dawa ya josho iliyochanganywa kwa maelekezo ya chupa, lakini amitrazi, mojawapo ya dawa hizo za josho, isimguse mwenye kisukari au aliyedhoofika, kwani hupandisha sukari na kumlegeza. Paka asiguswe na amitrazi, wala na dawa yoyote ambayo jina la kiambato chake kwenye chupa linaishia na "thrin": permethrin, cypermethrin, deltamethrin. Hatari haimfikii kwa kupakwa tu. Paka anayelala na mbwa aliyeogeshwa, kisha akajilamba, huanza kutetemeka masikio na miguu ndani ya saa chache. Watenganishe siku tatu. Likishatokea, mwoshe paka kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, na safari ya kwa daktari wa mifugo ianze hapohapo.

Unayetaka dawa moja kwa wawili, chagua fipronil ya matone ya shingoni, kila mmoja na kichupa chake kulingana na uzito. Ni ghali kuliko josho, na kwa nyumba yenye paka ina thamani yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa iendelee kwa ratiba. Uzee haumsamehe yeyote.

Dalili ileile, maana tofauti

| Unachokiona | Mbwa mzee | Paka mzee |
|---|---|---|
| Anakula sana, anakonda | Kisukari, minyoo | Tezi ya shingo imezidi kasi, kisukari |
| Anapofuka ghafla | Mtoto wa jicho wa kisukari, retina | Shinikizo la damu |
| Anakohoa usiku | Moyo kwanza | Pumu au mapafu. Moyo mara chache |
| Uvimbe kwenye titi | Karibu nusu ni saratani | Walio wengi ni saratani |

Ukungu wa bluu kwenye macho ya mbwa mzee mara nyingi ni ugumu wa lenzi tu na bado anaona. Mwangushie pamba mbele yake, akiifuata kwa macho usihangaike. Paka ambaye mboni zimebaki wazi hata juani ni jambo jingine, na la leo.

Pima uzito kila mwezi. Mbwa mbebe ukiwa juu ya mizani, kisha toa uzito wako. Paka muweke kwenye kikapu na umning'inize kwenye mizani ya kupimia samaki. Gramu 300 kwa paka wa kilo 3.5 ni sawa na mbwa wa kilo 15 kupoteza kilo moja na robo, ila kwa paka hakuna jicho litakaloiona. Hesabu pia pumzi akiwa amelala: zikizidi 30 kwa dakika, kwa yeyote kati yao, moyo au mapafu yana tatizo.

Visivyosubiri asubuhi

Kwa mbwa: tumbo lililojaa hewa huku akijaribu kutapika na hakuna kinachotoka; jike anayekunywa sana na kutoa usaha wiki mbili hadi nane baada ya joto. Kwa paka: dume anayechuchumaa mara kwa mara bila tone la mkojo, miguu ya nyuma iliyolegea ghafla na kuwa ya baridi, akilia, ambayo ni bonge la damu lililoziba mshipa, na paka yeyote anayepumua kwa mdomo.

Usafiri nao hautoki kwenye mfuko mmoja. Mbwa mpakie bajaji, alale kwenye gunia sakafuni, asiinuliwe kwa miguu ya mbele. Paka aende kwenye kikapu chenye kifuniko, juu yake khanga nene ili asione njia, na kama ni kwa bodaboda kikapu kikae kati yako na dereva, si kwenye mpini.